Hatuyabonyezi, lakini yanatuingia

Jana dukani mkono ulienda wenyewe kwenye sabuni ya unga ambayo sijawahi kuitumia. Lile boksi la bluu nimekuwa nikiliona kwenye tangazo lililo juu ya ukurasa wa mtandaoni ninaosomea habari za mpira, na tangazo lenyewe sijalibonyeza hata mara moja.

Tangazo la AT&T (kampuni ya simu) lilipowekwa kwenye tovuti ya HotWired kule Marekani mwaka 1994, inasemekana asilimia 44 ya walioliona walilibonyeza. Siku hizi hata mmoja kwa mia ni shida, ndiyo maana wengi wanasema matangazo haya hayana nguvu tena. Mimi sikubali kabisa.

Wazazi wenzangu, yale ya kubeti yanayowaka pembeni mwa matokeo ya mechi, msidhani watoto hawayaoni. Wangu yuko darasa la nne na anayataja kwa majina.