Kutoka Jamestown hadi Yorktown, barabara moja

Jimbo la Virginia, huko Marekani, linamrahisishia msafiri kazi. Pale Waingereza walipoanzisha koloni lao na pale jeshi lao liliposalimu amri pameunganishwa na barabara moja ya kilomita 37 hivi, na mji wa Williamsburg uko katikati. Shemeji yangu alishika usukani, akilalamika njia nzima kwamba barabara haina mstari wa katikati. Tukaanzia Jamestown.

Walowezi 104, wanaume na wavulana, waliteremka hapa Mei 1607, wametumwa na kampuni ya London iliyotaka faida. Habari za kuunda taifa hazikuwamo. Majira ya baridi ya 1609 kuingia 1610 njaa iliwamaliza walowezi wengi, na baadaye tumbaku ndiyo iliyoliinua koloni.

Nilikaa zaidi kanisani. Mnara wa matofali ni wa karne ya 17, ila mimi nilifuata habari za kanisa la mbao lililoutangulia. Humo, tarehe 30 Julai 1619, wajumbe 22 waliochaguliwa na makazi 11 walikaa na gavana kutunga sheria. Joto lilikuwa kali, mjumbe mmoja akafariki, kikao kikafungwa mapema. Nasi tulikwenda Julai. Shati lilinigandia mgongoni nikawahurumia. Lakini kabla ya kutawanyika walipitisha jambo dogo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko yote: kila mwanamume wa zaidi ya miaka 16 atoe ratili moja ya tumbaku ili maofisa wa baraza walipwe. Yaani walijitoza kodi wenyewe.

Hatua chache kutoka kanisani pana uwanja wa nyumba ya nahodha Pierce. Sensa ya 1625 inamtaja humo mwanamke Mwafrika, Angela. Hilo ni jina waliloliandika wao. La kwao halikuandikwa. Mwishoni mwa Agosti 1619, wiki chache tu baada ya kile kikao, meli ya White Lion ilikuwa imeleta Waafrika ishirini na kitu, mateka wa Angola, huko Point Comfort karibu na mdomo wa Mto James. Shemeji alisoma kibao mara mbili, akasema, "Kumbe mwaka mmoja, shem." Hakuongeza neno.

Williamsburg, iliyokuwa makao makuu kuanzia 1699 hadi 1780, imejengwa upya sehemu kubwa, na watu wamevaa kofia za pembe tatu wakikueleza mambo kana kwamba mfalme bado anawadai. Inachosha kidogo. Hata hivyo nilipenda Raleigh Tavern. Mwaka 1774 gavana Dunmore alilivunja baraza, wajumbe wakatoka wakahamishia kikao baa. London ilikuwa imeshajaribu kodi ya stempu mwaka 1765, na jibu la watu hawa lilikuwa lilelile: kodi yetu tunaipanga wenyewe. Mazoea ya miaka zaidi ya 150 hayavunjwi kwa barua ya waziri. Tarehe 15 Mei 1776, hapahapa Williamsburg, waliwaagiza wawakilishi wao kwenye mkutano wa makoloni huko Philadelphia wapendekeze uhuru.

Yorktown ni majani, mahandaki na mizinga. Washington, kamanda wa jeshi la makoloni yaliyoasi, akiwa na jeshi la Ufaransa aliuzingira mji, manowari za Ufaransa zikaziba njia ya bahari, na tarehe 19 Oktoba 1781 Waingereza wakaweka silaha chini. Jenerali Cornwallis alidai anaumwa, akamtuma msaidizi wake. Uingereza iliutambua uhuru huo mwaka 1783.

Mwenyeji mmoja pale alitusimulia habari za James, mtumwa aliyejifanya anawatumikia Waingereza huku akimpelekea siri zao Lafayette, jenerali Mfaransa wa upande wa Washington. Vita vikaisha, taifa likawa huru, James akarudi kwa bwana wake. Ilibidi apeleke maombi kwenye bunge la Virginia, mrithi wa lile baraza la kanisani, akiwa na barua ya Lafayette mkononi. Walimkubalia mwaka 1787, na bwana wake akalipwa fidia.