Huyo naye yuko faili gani?

Tangu Jumanne swali la Baraka halinitoki, nimeona niandike labda litatulia. Baraka ni yule kijana wa fildi niliyewaambia, siku hizi anakaa meza ya Irene manake Irene yuko likizo ya uzazi (mtoto wa kike, wote wazima, asanteni mliouliza).

Ilikuwa hivi. Nilimpa ripo yetu ya malaria na mvua (yaani folda kuu yenye data na programu zetu zote za uchambuzi) nikamwambia usibadilishe kitu kwanza, zunguka tu humo ndani uzoee. Ripo yenyewe naipenda, nimeihangaikia. Ukiingia unakutana na README, faili la maelezo, kuna config yenye config.yaml ambayo ndo ina mikoa na miaka tunayoshughulikia, kuna workflow yenye Snakefile na folda zake za rules, scripts na envs, halafu data, halafu results. Wengi nikiwapa wanafungua skripti ya kwanza wanayoiona, wanachoka, wanakuja kuniomba niwaelezee nini kinafanya nini. Baraka alikuja na laptopu mkononi kafungua ramani ya Kigoma iliyoko results, akasema, "Dada Asha, nikitaka kujua hii namba ya Kasulu imetoka wapi, nafuata njia gani?"

Jamani nilifurahi. Kwenye hii kazi watu wanakuuliza namba ni ngapi na itakuwa tayari lini, mtu kukuuliza imetoka wapi ni nadra sana, nikamvutia kiti hapo hapo na chai yangu ikapoa.

Nikamwambia hata Snakemake, programu inayotuendeshea hatua zote za uchambuzi, inafikiri hivyo hivyo, kinyumenyume. Huiambii fanya hiki kisha kile, unaiambia nataka ramani hii, basi inatafuta ni sheria ipi inayotoa faili la jina hilo, sheria hiyo inadai ipewe faili gani, na faili hilo nalo linatengenezwa na sheria ipi, inarudi nyuma mpaka ikute faili ambalo halitengenezwi na sheria yoyote, lipo tu pale. Ndo inageuka na kuanza kazi. Wazo lenyewe ni la zamani, la programu ya Make aliyoiandika Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, Snakemake imekuja 2012 kutoka kwa wanasayansi wa Ujerumani waliokuwa na mafaili ya jenomu ya kupanga. Tukaandika snakemake -n -F ikatuorodheshea hatua zote bila kuendesha hata moja, na Baraka akawa anazifuata kwa kidole kwenye skrini, faili la sheria moja baada ya jingine, ramani.smk, akarudi unganisha.smk ambapo vipimo vya malaria vinakutana na mvua ya CHIRPS (hiyo ni ya setelaiti ikichanganywa na vituo vya ardhini, inaanzia 1981), akarudi safisha.smk. Hapo nikamwonyesha kwamba kila sheria inaandika kwenye logs imepokea mistari mingapi na imetoa mingapi, nikamsimulia ya Uingereza mwaka 2020, karibu wagonjwa 16,000 wa korona hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati kwa sababu faili la Excel la aina ya zamani linaishia mstari wa 65,536 na yaliyozidi yakaachwa nje kimya kimya. Alishtuka kweli.

Tukafika data/raw. Mafaili ya humo yamefungwa, unasoma tu huandiki, na kila moja lina namba yake ya sha256 ili likibadilika hata herufi tujue. Nikamwambia hapa ndo mwanzo wa kila kitu.

"Na hii ya kwenye raw imetoka wapi?"

"Tumeishusha DHIS2, ule mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya."

"DHIS2 nako imefikaje?"

"Kuna mtu wilayani anaiingiza, anatoa kwenye ripoti za mwezi za zahanati."

"Na zahanati wanatoa wapi?"

"Kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia wagonjwa, wanajumlisha."

"Anajumlisha nani?"

"Nesi. Au yeyote aliye zamu."

"Sasa dada, huyo naye yuko faili gani?"

Nikamwambia hayupo. Akasema "aah, sawa," akachukua laptopu yake akarudi mezani. Hakuwa ananitega, kijana wa watu alitaka kujua tu, alidhani kuna folda nimesahau kumfungulia.

Wiki imekuwa kubwa, wafadhili wamekuja wameondoka, seva imelala nusu siku, mdogo wangu kavishwa pete Jumamosi, na katikati ya vigelegele vyote vile mimi nasikia huyo naye yuko faili gani.

Jana usiku nikampigia shangazi Mwajuma. Mnajua alivyokaa zahanati mpaka anastaafu. Nikamuuliza mlikuwa mnajumlishaje, akacheka kwanza, akasema, "Mwanangu, mgonjwa hajui kama leo mwisho wa mwezi." Kwamba foleni haipungui, kwa hiyo vitabu unavifungua usiku, tochi unaibana shingoni, unapita mstari kwa mstari, walio chini ya miaka mitano huku, waliozidi huku, waliopimwa, waliokutwa nao, mara mlangoni wanaita kuna mama ana uchungu, unaenda, ukirudi alfajiri ukurasa ule unauanza upya. Nikamuuliza na hesabu zikigoma? Akasema unarudia, zikigoma tena unarudia, asubuhi gari la wilayani linapita.

Mi pale kwenye safisha.smk nina sheria inayotoa nje kila mwezi ambao waliokutwa na malaria wamezidi waliopimwa, manake haiwezekani. Ni sheria sahihi na nitaibakiza. Lakini leo asubuhi nimeiongezea output ya pili, mistari hiyo inaenda faili lake pekee, na jina la zahanati na mwezi, ili tuwapigie simu na kuuliza kabla ya kuamua chochote. Na data/raw sasa ina README yake, nimeandika tumeshusha lini, nani alitupa ruhusa, namba zinatoka kitabu gani, na kwamba zimehesabiwa kwa mkono na mtu aliyekuwa peke yake zamu. Nilipokomiti, yaani kuyahifadhi mabadiliko kwenye ripo, Baraka akaifungua akaisoma yote, akauliza kama tunaweza kwenda Kasulu kuwaona. Bajeti ya safari haipo robo hii. Nitaiomba hata hivyo, na nitaiomba tena wakikataa, kwa sababu naona hii ndo kazi yenyewe.

Kingine, mama mwenye nyumba jana kapita na fundi wamepima ukuta wa uani kwa futi, hajaniambia kitu. Mkataba unaisha mwezi ujao na dada wa chumba cha pili anasema kasikia panajengwa fremu za maduka. Sijui nimuulize au nisubiri aseme mwenyewe.