Karatasi ya Dakika Mbilimbili

Mwaka wangu wa sita wa kufundisha takwimu chuo kikuu, mtihani wa katikati ya muhula uliniumiza. Karibu nusu ya darasa walikosa swali ambalo nilikuwa nimelieleza mara tatu, tena kwa mifano. Na bado kwenye fomu za tathmini za muhula uliotangulia wanafunzi walikuwa wameandika kwamba naeleza vizuri. Nikashindwa kuyaoanisha mambo hayo mawili. Ndipo nikamwendea mwalimu mmoja wa idara yetu, aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, nikamwomba aje akae darasani kwangu.

Nilikuwa nimewahi kukaguliwa kabla ya hapo. Mkuu alikuja na fomu yenye visanduku, ya kupandishwa daraja, nami siku hiyo nikatoa mhadhara wangu bora kuliko yote. Fomu ikajaa alama nzuri, nami sikujifunza chochote. Safari hii nilitaka kitu kingine, na mzee yule alilielewa hilo kabla sijamaliza kueleza.

"Nitakachoandika ni chako," alisema. "Hakiendi kwa mkuu. Sasa niambie, nitazame nini?"

"Chochote utakachokiona, Mwalimu."

"Nikitazama chochote nitaishia kukwambia una sauti nzuri. Nipe jambo moja."

Nikafikiri, nikasema: maswali ninayowauliza, na yanavyojibiwa.

Siku ilipofika alikaa nyuma kabisa, katikati ya wanafunzi. Karatasi yake ilikuwa na mistari, kila mstari dakika mbili: upande mmoja mwalimu anafanya nini, upande wa pili wanafunzi wanafanya nini. Baadaye nilijua kwamba mtindo huo wa kurekodi, wa vipindi vya dakika mbilimbili, ulibuniwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Kanada na Marekani kwa ajili ya kozi za sayansi, ukachapishwa mwaka 2013. Hauna mahali pa kuandika "vizuri" wala "vibaya". Unaandika kilichotokea tu.

Nilitoka darasani nikiwa na furaha. Niliuliza maswali, wakaitikia, muda ukatosha.

Kesho yake tulikaa ofisini kwake. Kwanza alinitaka niseme mimi mwenyewe kipindi kilikwendaje, akasikiliza bila kukatiza. Kisha akauliza, "Unadhani uliuliza maswali mangapi?"

"Kumi hivi."

"Thelathini na moja." Akavaa miwani, akasoma. "Dakika ya 18. Umeuliza: kwa nini wastani peke yake hautoshi kuzieleza data hizi? Sekunde moja. Ukajibu mwenyewe: kwa sababu hautuonyeshi mtawanyiko, yaani namba zinavyoachana, sivyo? Darasa zima, ndiyo. Ukauliza, tuko pamoja? Darasa zima, ndiyo. Ukafuta ubao."

Akatulia kidogo, kidole kikiwa juu ya mstari ule ule. "Hapa kuna binti, safu ya nane, upande wa dirishani. Aliinua mkono, haukufika hata begani. Ulipojibu akaushusha. Hakuuinua tena mpaka mwisho wa kipindi."

Sikumwona binti huyo. Nilikuwa nimesimama mbele yake saa nzima.

Nikajitetea kwamba mada ni nyingi na muhula ni mfupi. Hakubishana nami. Alinigeuzia karatasi niisome mwenyewe. Katika maswali 31, mawili tu ndiyo niliyosubiri zaidi ya sekunde tatu, na hayo mawili ndiyo pekee ambayo mwanafunzi alijibu kwa sentensi nzima. Mengine yote jibu lilikuwa "ndiyo", au langu.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba jambo hilo nilikuwa nalijua. Katika mafunzo ya ualimu tulisoma utafiti wa Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyeonyesha katika miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde moja, na kwamba wakifikisha tatu majibu hurefuka na wanafunzi wengi zaidi husema. Nililijibia hata mtihani. Lakini ukiwa mbele ya watu zaidi ya mia, sekunde tatu za kimya ni ndefu mno, na mdomo unazijaza wenyewe. Bila mtu wa kukaa nyuma na saa mkononi, nisingejua kamwe kwamba nafanya hivyo.

Kipindi kilichofuata nililirudisha swali lile lile. Nikaweka chaki mezani ili mikono isinishawishi kuandika, nikahesabu moyoni. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Viti vikalia. Nikamtazama binti wa safu ya nane. Mkono ukapanda nusu, nami nikanyamaza mpaka ukapanda wote.

"Mwalimu, mimi naona kundi lenye namba nyingi ndilo lenye mtawanyiko mkubwa. Kwa hiyo lazima tujue pia idadi."

Halikuwa jibu sahihi. Lakini niliwatazama wenzake, na safu baada ya safu vichwa vilikuwa vikikubaliana naye. Hao ndio walionijibu "ndiyo" wiki nzima. Ndilo lile swali la mtihani walilolikosa.

"Umelisema jambo ambalo wengi humu wanaliwaza," nilimwambia. "Njoo utuandikie ubaoni makundi mawili, moja dogo, moja kubwa."

Akaja, akachukua chaki niliyoiacha mezani.