Nilivyotaka kuua mtende wangu kwa blanketi

Mtende wangu wa Kichina hauzai tende, kwa hiyo msiniulize kama anavyoniuliza kila anayepanda mlima huu wa Bwiru, hapa Mwanza. Mbegu aliniletea mpwa wangu anayeishi Uingereza. Nilipanda kumi kwenye viriba, zikaota mbili, mmoja ukaliwa na mbuzi. Huu uliobaki una makuti ya kupepea kama mvumo, na miaka mitatu haujanifika gotini.

Desemba moja mpwa akapiga simu: "Mjomba, huku baridi ikianza tunaufunga. Kilele kikipigwa na baridi, basi tena."

Nikangoja kipupwe cha Juni. Mti unaostahimili hata nyuzi 10 chini ya sifuri, mimi nikaukinga na baridi ambayo watoto wangu wanaichezea kifua wazi! Nikakusanya makuti juu, nikafunga kamba ya manila, nikavisha kiroba, juu yake blanketi kuukuu. Kila jioni namimina maji kupitia mdomo wa kiroba, najiona bwana shamba.

Wiki ya tatu, harufu. Kuti changa la katikati, lile ambalo halijakunjuka, nililigusa tu likachomoka lote mkononi. Chini lilikuwa uji wa kahawia. Na mti huu una kilele kimoja, hakuna cha chipukizi la pembeni.

"Baba Neema, hizo kuni," jirani akasema. Mwingine akashauri mafuta ya taa. Ningemsikiliza ningekuwa napikia kweli.

Nikashuka Kirumba duka la dawa, nikaomba haidrojeni peroksaidi ya kuoshea vidonda, elfu mbili tatu hivi.

"Kidonda kiko wapi, baba?"

"Kwenye mti."

Alinitazama sana, lakini akauza. Nikamimina kifuniko kimoja kwenye lile tundu. Likachemka povu jeupe, chwaaa, kama soda iliyotikiswa. Nikarudia kila baada ya siku chache mpaka povu likakoma. Maji nikapeleka kwenye mizizi tu, na kwa kuwa ni kiangazi, kilele kikakauka vizuri. Makuti mabichi yaliyobaki sikuyakata hata moja, maana ndiyo yanayoulisha.

Septemba ikachomoza ncha ya kijani. Kuti lenyewe lilitoka limekatika nusu, kama limenyolewa na kinyozi anayejifunza. La pili likatoka zima.

Desemba simu ikaita. "Mjomba, umeshaufunika?"

Nikamwambia kiroba nimetilia mkaa.