Tuonyeshe Mgongo

Juzi tulikuwa soko la Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, mimi na binti yangu, tunachagua sweta za watoto kabla baridi ya mwezi wa sita haijatukuta. Akanivuta mkono. "Mama, juu ya nini unageuzaka kila nguo? Huyu baba anaanza kukasirika."

Kweli, muuzaji alikuwa ameshanuna. Nikageuza sweta nyingine, nikakagua mishono ya kwapani, nikairudisha kwenye lundo. Binti nikamjibu tu, "Ni Mama Kapinga." Akacheka, kwa sababu nyumbani kwetu jina hilo likitajwa maswali yanakwisha.

Mama Kapinga, aliyetufundisha kushona vipande, wengi mnamjua. Baraza lake la mtaa wa Katuba, mbabula, lile jiko la makaa, katikati, viti vya plastiki vinavyolia ukikaa vibaya, na ile mashini ya kushonea ya mkono ambayo hukuruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa. Mama yake alijifunza kwenye fwaye sosiali, kile kituo cha wanawake, enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, wakati wake za wafanyakazi wa kampi walipofundishwa kushona, kufuma na kupika. Mama Kapinga akarithi mashini pamoja na ukali wake. Jumamosi moja kila mwezi tulikutana pale, kila mtu na kuvreli yake ya vipande, lile tandiko la kitanda, tunaonyeshana. Kuibiana mawazo ilikuwa halali, mradi useme umemwibia nani.

Sharti lilikuwa moja: mgongo kwanza. Kazi inaletwa kabla ya kutiwa bitana, inalazwa mezani kifudifudi, tunaangalia mishono, halafu ndipo inageuzwa tuone rangi. "Uso unadanganya," alikuwa akisema, "mgongo hauna adabu ya kudanganya." Hata kikwembe, yaani kitenge, alikinunua hivyohivyo. Wax ya kweli, alitufundisha, inapakwa dawa ya kuzuia rangi pande zote mbili kabla ya kutumbukizwa, kwa hiyo ua linaonekana huku na huku kwa nguvu ileile, na ile mishipa midogo ambapo dawa imepasuka rangi ikapenya hairudii mahali pamoja. Vile vya kuchapwa upande mmoja ukivigeuza vimepauka. Vikwembe vya tarehe 8 mwezi wa tatu, sikukuu ya wanawake, vingi ni vya namna hiyo. Unavaa, unaandamana, unapiga picha, baada ya kufua mara chache unabaki na maandishi yaliyofifia juu ya makalio.

Na ndivyo alivyovileta Mama Furaha.

Alikuwa ametoka Bukavu kumfuata mume aliyepata kazi huku, na Swahili yake ya kule ilitufanya tutazamane kila alipofungua mdomo. Jirani mmoja ndiye aliyemwambia kuna wamama wanaoshona vipande Katuba. Sharti hakuambiwa, au aliambiwa akadhani ni utani. Ilikuwa mwezi wa saba, ule wakati ambao watu wa nje hawaamini kwamba Lubumbashi ni Afrika. Usiku joto linashuka chini ya digrii 10, na asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe. Tulikuwa tumejikunja kuzunguka makaa. Zamu yake ilipofika akafungua mfuko, akatandika mezani kuvreli iliyokwisha kabisa, nene, pindo zimefungwa pande zote nne.

Ilikuwa nzuri. Alikuwa amechukua vikwembe vya sikukuu ya wanawake vya miaka mbalimbali, akakata maandishi yote, akabakiza maua, mikono iliyoshikana na vile viduara, akavipanga kutoka giza la pembeni hadi mwanga wa katikati. Tukaguna kwa kupenda. Mama Kapinga hakuguna.

"Mgongo."

Mama Furaha akaigeuza. Upande wa pili nao ulikuwa uso! Vipande vingine, mpangilio mwingine, mwanga pembeni na giza katikati.

"Hizi ni sura mbili," Mama Kapinga akasema. "Mimi nimeomba mgongo."

"Mgongo iko ndani, mama."

"Basi hatujaiona."

Mtu angeweza kuingilia hapo. Yaya Béa, dada mkubwa kwetu, ambaye kwa kawaida hamezi neno, alikuwa anachokoa makaa kwa kijiti. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, kazi yangu ilikuwa kugawa chai. Mama Furaha alitutazama mmoja mmoja, kama anayehesabu, kisha akasema taratibu, "Munipe wembe."

Akapewa.

Alianzia kwenye kona. Hakukata kitambaa hata kidogo. Aliingiza ncha ya wembe chini ya mshono mmoja, akauinua, tik, akaruka miwili, akainua wa tatu. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa baridi, na kila uzi ulipokatika alikuwa anautoa kwa kucha na kuuweka kwenye sahani ya chai, mmoja juu ya mwingine, kana kwamba ataulizwa hesabu yake. Hakuharakisha. Upande mzima ulifunguka hivyo, kona hadi kona, na chai ikapoa mikononi mwetu. Alipomaliza akaweka wembe chini, akashika nyuso zile mbili, akazitenganisha.

Katikati kulikuwa na blanketi kuukuu la kijivu, limeungwaungwa kwa mapande. Na mishono yote, ya huku na ya kule, ilikuwa ya mkono. Hakuwa na mashini. Kila mshono umelazwa upande mmoja, upande wa kitambaa cheusi zaidi ili kisionekane kupitia cheupe, jambo ambalo Mama Kapinga alikuwa ametupigia kelele mwaka mzima bila mafanikio. Uzi ulikuwa mweupe, mnene, wenye nguvu.

Mama Kapinga akavaa miwani. Akausoma ule mgongo kwa kidole, mstari kwa mstari. Akaubana uzi kwa meno, akavuta.

"Uzi huu unaununua wapi?"

"Siununue, mama. Ni ya gunia."

Mtu akacheka. Mpaka leo hakuna anayekubali kuwa ndiye. Mama Furaha akamgeukia mwenye nyumba akaomba gunia tupu la unga, na binti wa pale akaleta la kilo 25, bado linatoa vumbi jeupe. Akatuonyesha mdomo wa gunia. Mshono ule ni wa mnyororo, una mwanzo na mwisho. Ukivuta kwa upande usio wake unakaza na kujifunga fundo, ukikata unapata vipande visivyofaa kitu. Ukishika upande wake, unakata kitanzi kimoja tu. Akashika, akavuta, krrrrr, uzi ukatoka wote kwa mkupuo mmoja, mzima, gunia likafunguka mdomo.

Tukataka kujaribu sote. Magunia yote ya nyumba ile yaliisha midomo siku hiyo, na unga wa watu ukamwagwa kwenye beseni.

Mengine niyafupishe. Wiki zilizofuata watoto wetu walipigania magunia, muuza uzi wa kona akatuuliza kama tumeacha kushona, na pindo zetu zote zikawa nene na nyeupe. Mama Furaha alikuja bado mara kadhaa, akileta kazi kabla ya bitana kama wengine. Baadaye mume wake alihamia Kolwezi, naye akaenda. Yaya Béa alimwibia ule mpangilio wa giza na mwanga, na kwa haki yake, husema amemwibia nani.

Lakini siku ile ya kwanza aliondoka na kuvreli iliyofunguliwa upande mmoja, ameikunja ndani ya mfuko, blanketi la kijivu linachungulia. Tulikuwa wanawake wangapi pale, kila mmoja na sindano yake, mashini iko mezani. Hakuna aliyesema lete tukufungie. Nadhani tulikuwa tumefurahi sana. Hilo ndilo jibu la heshima; lingine ninalo, ila linabadilika kila ninapolifikiria.

Mama Kapinga sasa macho hayamsaidii, na wapya wakija huwaambia kwamba uzi wa gunia ulitoka kwenye fwaye, mama yake ndiye aliyeujua. Husema bila kupepesa. Mara moja nilifungua mdomo nimsahihishe, Béa akanikanyaga mguu.

Kikundi kimeniambia nipokee wageni mimi kuanzia mwezi ujao. Sharti la mgongo nalipenda. Bila lenyewe nisingejua kushona, na binti yangu asingekuwa na mama wa kumwaibisha sokoni. Wamama wawili kutoka Ruashi wameshatuma kuuliza: kazi iletwe imekwisha, au bado? Nimewajibu walete tu, tutaona.