Mwandikie msaidizi wako tabia za Postgres

Kazi yangu ni programu ya mauzo ya dagaa ya kikundi cha wachuuzi wa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Data zote zinakaa kwenye PostgreSQL (kwa kifupi Postgres), programu ya kuhifadhi data, na siku hizi sehemu kubwa ya msimbo naandikiwa na msaidizi wa akili mnemba. SQL, lugha ya kuiamuru hifadhi ya data, anaijua sana. Kinachomsumbua ni tabia za Postgres yenyewe, kwa sababu amejifunza kwa mkupuo: MySQL na SQLite ambazo ni hifadhi nyingine za data, masomo ya zamani, na majibu ya watu waliokuwa wanabahatisha.

Chukua suala la muda. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mtumbwi ukiwahi kurudi, mzigo unapimwa saa nane usiku. Seva yetu inafuata UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwake bado ni saa tano usiku wa jana. Msaidizi akiachwa hivihivi huweka safu ya aina ya timestamp, isiyojali saa za eneo, anajumlisha kwa tarehe ya seva, na mzigo wa mama aliyekesha ufukweni unaingia kwenye hesabu za jana. Tena Burundi na Kongo ya ng'ambo ya ziwa saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na wanunuzi wanatoka huko pia. Nimemwandikia: tumia timestamptz, aina inayojali saa za eneo, na kabla ya kutoa tarehe geuza muda uwe wa Africa/Dar_es_Salaam.

Maelekezo hayo nayaweka kwenye faili la SKILL.md, mtindo uliotangazwa na Anthropic, kampuni ya akili mnemba, Oktoba 2025. Juu kuna jina na maelezo mafupi ya lini litumike, chini maelekezo yenyewe. Msaidizi huanza na yale ya juu tu, mengine anayafungua kazi ikidai. Wapo wanaobandika humo nyaraka nzima za Postgres. Mimi sikubaliani nao: nafasi ya msaidizi ya kusoma ina mpaka, na nyaraka hizo alishakutana nazo. Andika yale anayoyakosea.

Nililolifanyia kazi zaidi ni ulinzi wa mistari. Kila mchuuzi anapaswa kuona mauzo yake tu, na mimi hilo nalichukulia kama siri ya mfuko wa mtu. Postgres inaweza kulinda mstari mmoja mmoja wa jedwali kwa sera zinazosema nani aone nini, lakini mwenye jedwali hapitiwi na sera hizo mpaka uweke FORCE ROW LEVEL SECURITY. Sasa msaidizi huunda jedwali, huweka sera, kisha hujaribu kwa akaunti ileile iliyoliunda. Jaribio hilo halina maana, maana mwenye jedwali ataona kila kitu hata sera ikiwa mbovu. Faili linamtaka ajaribu kwa akaunti za wachuuzi wawili, na mmoja asione hata mstari mmoja wa mwenzake.

Sababu nayo nimeiandika. Ukimpa amri tupu ataifuata pale ulipoitaja tu. Akijua sababu, ataikumbuka hata anapounda mwonekano (view), yaani swali lililohifadhiwa na kusomwa kama jedwali, ambao kwa kawaida nao husoma data kwa mamlaka ya mwenye kuumiliki, isipokuwa umeweka security_invoker, iliyokuja na toleo la 15 mwaka 2022.

La faharasa ni fupi: Postgres haiwekei yenyewe faharasa (index), orodha ya kuharakisha utafutaji, safu inayorejelea jedwali jingine, wakati InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, huweka. Aiandike mwenyewe.

Faili zima nimeliandika kwa Kiswahili, kwa sababu kijana ninayefanya naye kazi kutoka Ujiji analisoma pia, na kanuni ya akaunti mbili sasa anaidai kwenye kila badiliko ninalomtumia.