Usiku wa Giza Karibu na Bawe

Februari 1999, Mfunguo Mosi ukiwa ukingoni, tulitia nanga nje kidogo ya kisiwa cha Bawe, Unguja, kufanya kazi ambayo wanasayansi wa bahari huiita kituo cha saa 24. Mnakaa pahali pamoja mchana na usiku, na kila saa mnapima mambo yale yale: joto la maji, chumvi, kasi ya mkondo, na vijidudu vinavyoelea. Bamvua la mwezi mwandamo lilichaguliwa makusudi. Siku hizo maji ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na mkondo hauna mzaha.

Boti yetu ya utafiti usiifikirie meli. Ilikuwa ya mbao, turubai juu, injini moja ya dizeli katikati. Kifuniko cha injini ndicho kilichokuwa meza ya maabara, na wakati wa kula kikawa meza ya chakula, kwa hiyo chai ya boti ile ilikuwa na harufu ya fomalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, na mimi nikaizoea. Winchi ilikuwa ya mkono. Chupa ya Niskin, ya kuchotea maji ya kina, inashushwa ikiwa wazi juu na chini. Ikifika kina kinachotakiwa, unaachia kipande cha shaba kiteleze kwenye kamba mpaka kiigonge, nayo ijifunge humo humo chini. Huoni kitu. Unashika kamba kwa vidole viwili na kungoja mtikiso mdogo, basi. Nimefanya kazi na vyombo vya kisasa baadaye, vyenye kioo kinachochora grafu chenyewe, na bado naupenda ule mtikiso.

Mchana ulipita kwa jua na usingizi. Wavu wetu, ambao matundu yake hayafiki robo ya milimita, ulikuwa ukirudi na ukungu tu. Viumbe wengi wadogo hukaa chini mchana, wengine ndani ya mchanga, wakiwakwepa samaki wanaowinda kwa macho, na giza likiingia hupanda. Hayo nilikuwa nimeyasoma na kuyajibia mtihani. Lakini wavu wa saa mbili usiku ulipopandishwa, kile kikopo cha mwisho wake kilikuwa kizito kama uji, na uji wenyewe unarukaruka. Dokta, mama aliyekuwa akituongoza, aliumulika kwa tochi akacheka peke yake.

Ndipo wakaja wenye dagaa. Mwezi haupo, bahari imetulia, nani asingekuja? Chombo kikubwa kilisimama mbali kidogo, lakini kidau chake cha taa kikatia nanga karibu yetu kabisa, karabai zikiwaka. Dokta akashika kichwa. Taa ile ingevuta kila kilichomo majini, na sampuli zetu zisingekuwa za bahari tena, zingekuwa za karabai. Akataka kuwapigia kelele waondoke.

"Dokta, niachie mimi," nahodha alisema. Akaenda omo, akaanza taratibu: "Salaam aleikum chomboni!"

"Waaleikum salaam! Mnavua nini hapo?"

"Hatuvui. Tunapima maji."

Kimya kidogo. "Maji yamefanya nini?"

Hata Dokta alicheka. Nahodha akaendelea: "Ndugu zangu, taa yenu inatuitia wageni tusiowaalika."

"Sisi tumewaalika!"

Walivutana kwa mizaha hivyo hivyo, na sikusikia hata mmoja akitaja ruhusa wala kibali, ingawa tulikuwa nacho, kina muhuri, ndani ya mfuko wa nailoni. Mwisho wakakubaliana kwa maji yenyewe: yakisimama, mnamo saa nne na nusu, wangezungusha nyavu kisha wahame. Tungepoteza sampuli ya saa nne peke yake. Dokta aliona ni bei nafuu.

Wakatimiza. Kabla ya kuhama, kijana wa kidau alitusogelea na ndoo ya dagaa, akapanda kuona hicho tunachokipima. Nikamwekea tone chini ya lenzi. Kulikuwa na mabuu ya kaa, macho tele na miiba.

"Aa, hawa nawajua," alisema. "Ndio wanaotangulia kwenye taa. Kisha dagaa. Kisha ngisi na vibua wanakuja kuwala dagaa."

Dokta alimshika hapo hapo kwa maswali. Wanachukua muda gani baada ya taa kuwashwa? Kusi nako ni hivyo hivyo? Na mwezi ukiwapo? Kijana alijibu akiwa amechutama juu ya maabara yetu, huku mpishi akimsihi asogeze mguu kidogo apate kuweka sufuria. Mimi nikaandika kwa penseli, maana wino na maji ya chumvi havipatani, mpaka ikafika saa tano na ikabidi wavu ushuke tena.

Dagaa tuliwakaanga, tukala kwa mkate uliobaki. Zamu ya alfajiri, maji yalipojaa saa kumi, ilikuwa ngumu kuliko zote na sina la kuisimulia zaidi ya viganja vilivyochubuka.

Miezi kadhaa baadaye niliiona ripoti. Sampuli ya saa nne imewekewa nyota, na chini ya jedwali kuna maneno matatu: "taa za uvuvi". Majibu ya yule kijana hayakuingia. Yalibaki kwenye daftari la Dokta, na kila nilipokwenda ofisini kwake aliniambia atayarudia, kusi likipita.